Mjomba, kabla hujatuma hizo pesa

Stuttgart, Ujerumani

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe, Bibi na watoto wote hamjambo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi imeanza kukaza lakini tumeshaizoea.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Umestaafu, kiinua mgongo kimeingia, na sasa unataka kutimiza jambo ulilokuwa ukilisema tangu mimi ni mdogo: kumiliki gari la Kijerumani la kifahari, lenye jina. Umenitumia picha, ukauliza kama magari haya bado yanastahili sifa yake. Umeniuliza mimi kwa sababu ninaishi katika mji yanakotengenezwa, na kila siku gerejini mikono yangu iko ndani yake. Nitakujibu kama fundi na kama mpwa wako, maana hiyo pesa ni jasho lako la miaka mingi na sitaki ipotee nikiwa nimenyamaza.

Kwanza nikuambie kwamba sifa hiyo haikuokotwa njiani. Carl Benz aliandikisha gari lake la kwanza mwaka 1886 kule Mannheim. Miaka miwili baadaye mkewe, Bertha, akalichukua pamoja na wanawe wawili akaliendesha zaidi ya kilomita 100 hadi Pforzheim, na njiani akanunua mafuta kwenye duka la dawa, kwa kuwa vituo vya mafuta havikuwapo. Watu wanamtaja sana mume, lakini kwangu mimi mtu wa kwanza kuthibitisha kwamba gari linaweza kutegemewa safarini ni yule mama.

Hapa Stuttgart kuna jumba la makumbusho la Mercedes-Benz. Yamo magari ya wafalme na ya mashindano, lakini ninalolipenda mimi ni teksi. Ni 240 D ya mwaka 1976, mali ya dereva mmoja wa Ugiriki, iliyotembea kilomita milioni 4.6 kabla hajaikabidhi kwa makumbusho mwaka 2004. Injini ilibadilishwa mara kadhaa, ndiyo, lakini gari lilibaki lile lile. Sifa unayoikumbuka wewe ilijengwa na magari ya aina hiyo. Ile Mercedes ya aina ya W123, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1986, ilitoka karibu milioni 2.7, na nyingi zilikuwa teksi. Dereva wa teksi hanunui jina. Ananunua kitu kitakachomlisha kesho na keshokutwa, na hao ndio waliowapa Wajerumani heshima yao, mapema kabisa kabla ya matajiri.

Mambo yaligeuka miaka ya tisini. Mwaka 1989 Toyota ilileta Lexus LS 400 Marekani: gari kimya, imara, na bei yake ilikuwa chini sana ya ile ya sedani kubwa za Kijerumani. Wajerumani wakabanwa kwenye gharama, na ubanaji huo ukaonekana kwenye vyuma. Mercedes za katikati ya miaka ile zina nyaya za injini ambazo plastiki yake inapukutika yenyewe. Zile za daraja la E zilizoanza 1995 zikajulikana kwa kutu, jambo ambalo mafundi wazee hapa wanalisimulia kwa uchungu kama msiba wa nyumbani. Mwaka 2004 kampuni ikayaita gereji magari 680,000 kwa ajili ya breki za umeme, na mwaka uliofuata ikayaita mengine milioni 1.3. Mgema akisifiwa, Mjomba, umeshajua kinachofuata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoanza kazi huku, na ambalo ndilo hasa nataka ulishike.

Hapa Ujerumani takriban theluthi mbili ya magari mapya husajiliwa kwa majina ya makampuni. Meneja, mhandisi, mtu wa mauzo, wengi wao gari hawalinunui, wanapewa na mwajiri. Kodi nayo inachochea. Anayetumia gari la petroli la kampuni kwa shughuli zake binafsi huhesabiwa kila mwezi kuwa amepata kipato cha ziada sawa na asilimia 1 ya bei ya gari hilo likiwa jipya, na kwa wengi hiyo ni nafuu kuliko kununua la kwao. Kampuni yenyewe mara nyingi imelikodi kwa mkataba wa miaka 3 hivi. Muda ukiisha gari linarudishwa, linakuja jipya. Basi mtu anayechora gari la kifahari leo ana mteja huyo mbele ya macho yake, anayelijua kuanzia siku ya kwanza mpaka mwaka wa tatu tu.

Mteja huyo anataka nini? Kiti kinachomkanda mgongo, vioo vipana vya kugusa kwenye dashibodi, injini inayoitikia mara moja, na gharama ndogo za sevisi ndani ya miaka yake mitatu. Ndiyo maana mengi ya magari haya huruhusiwa kwenda mpaka kilomita 30,000, au miaka 2, bila kumwaga oili. Kwenye hesabu za mwajiri inapendeza. Lakini mimi nikifungua injini iliyotunzwa hivyo, ikiwa imepita kilomita laki moja na nusu, nakuta tope jeusi chini ya kifuniko na taiming cheni imelegea. Pesa ya oili aliiokoa mtu wa kwanza. Injini analipa mtu wa tatu, na kwa picha ulizonitumia, Mjomba, mtu wa tatu ni wewe.

Angalia pia zinavyopangwa sehemu za ndani. BMW ina injini ya dizeli iitwayo N47, iliyoanza 2007, ambayo cheni yake imewekwa nyuma, upande wa gia boksi. Cheni ikianza kupiga kelele huwezi kuifikia kwa kufungua mbele. Lazima ushushe injini au gia boksi. Mhandisi aliyeiweka pale alikuwa na sababu zake, nafasi ya injini ni ndogo na mpangilio ule una faida. Lakini alikuwa hamfikirii fundi wa mwaka wa kumi. Zile W123 ziliundwa na mtu aliyemfikiria.

Nikupe mfano wa karibuni, na jina la gari nitaliacha. Mteja wetu mmoja, baba mtu mzima, alinunua sedani kubwa ya kifahari iliyokwisha tumika. Bei yake ilikuwa imeporomoka kiasi cha kuona kama amepewa. Baada ya muda springi za upepo zikaanza kuvuja, akawa anaamka asubuhi gari limelala upande mmoja. Pampu inayozijaza ikaungua kwa kufanya kazi bila kupumzika. Tulipolipima kwa kompyuta, gia boksi nayo ikaonyesha hitilafu. Makadirio ya matengenezo yalizidi pesa aliyonunulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa ameshika ile karatasi, nami ndiye niliyempelekea. Gari hushuka bei kila mwaka, lakini spea zake zinabaki kwenye bei ya gari la bosi. Wajerumani wenyewe wanalijua hilo, na ndiyo sababu yanashuka bei kwa kasi namna ile.

Usinielewe kwamba uhandisi wao umekufa. Haujafa. Kwenye barabara zao kuu, zile Autobahn, sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo, ipo tu ile 130 inayoshauriwa. Gari la kifahari la Kijerumani ukiliendesha 200 linatulia, usukani una uzito unaokupa imani, breki zinashika bila kukuyumbisha. Sijapanda gari la nchi nyingine linalofanya hivyo vizuri zaidi. Ila breki na matairi yaliyoundwa kwa mwendo wa 250 ni ya gharama hiyo hiyo hata kwa mtu ambaye maishani mwake hatazidi 100.

Usalama pia walituletea wao kwa sehemu kubwa. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes ndiye aliyeomba hataza, mwaka 1951, ya bodi ambayo mbele na nyuma hujikunja ili abiria wabaki salama katikati. ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki ghafla, iliingia kwenye S-Class, sedani yao kubwa, mwaka 1978, ikiwa imetengenezwa pamoja na Bosch, na mfumo wa kuzuia gari kuteleza ukafuata 1995. Nawashukuru kwa hayo. Lakini mfumo huo wa mwisho umekuwa lazima kwa kila gari jipya Ulaya tangu 2014, hata dogo kabisa. Hulipi tena bei ya kifahari ili uupate.

Kuna jambo jingine, nalo linaniuma kwa namna tofauti. Tuliwaamini watu hawa kwa ukweli wao. Septemba 2015 Volkswagen ilibanwa na Wamarekani ikakiri kwamba magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Audi, iliyo ndani ya kundi hilo, ikalipa faini ya euro milioni 800 mwaka 2018. Daimler, wenye Mercedes, wakalipa milioni 870 mwaka uliofuata. Aliyekuwa mkuu wa Audi, Rupert Stadler, alihukumiwa München mwaka 2023 kifungo cha nje. Halafu 2021 Tume ya Ulaya ikaeleza kwamba Daimler, BMW na kundi la Volkswagen walikuwa wamekaa wakakubaliana wasishindane kusafisha moshi wa dizeli kupita kiwango cha sheria, ingawa uwezo huo walikuwa nao. Volkswagen na BMW wakatozwa jumla ya euro milioni 875. Daimler ikasamehewa kwa kuwa ndiyo iliyotoboa siri. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona baya kuliko yote. Kampuni inayojivunia kufanya vizuri kuliko wenzake inakaa na wenzake kukubaliana isifanye vizuri!

Mji huu una wasiwasi siku hizi. Porsche, kampuni ya hapa hapa, iliuza China magari 95,671 mwaka 2021. Mwaka 2024 iliuza 56,887. Mapema 2025 ikatangaza kupunguza nafasi 1,900 za kazi hapa Zuffenhausen na kule Weissach ifikapo 2029. Wachina wanatengeneza magari ya umeme ambayo skrini zake, programu zake na bei yake vinawavuta vijana wao, na jina la Kijerumani peke yake halitoshi tena kuwarudisha. Audi imefika mahali pa kuanzisha China chapa isiyokuwa na zile pete nne, jina tu kwa herufi kubwa, ikishirikiana na SAIC, kampuni ya magari ya Kichina. Wapo wanaosema ni mbinu ya biashara. Mimi naona anayevua nembo yake mwenyewe ili auze ameshajua nembo hiyo imepungua nguvu.

Hata hivyo bado wana mambo. Desemba 2021 Mercedes ilipewa na mamlaka ya hapa kibali cha mfumo unaomwachia dereva aondoe macho barabarani kwenye foleni ya Autobahn, mwendo usiozidi 60. BMW nayo Septemba 2025 ilionyesha München iX3 mpya ya umeme, na mafundi wenzangu wanaizungumzia kwa matumaini ya kweli.

Basi jibu langu ni hili. Sifa ya kuendesha wanaistahili. Sifa ya kudumu ilikuwa ya wale wa zamani, na haya ya sasa yanaitumia kama urithi. Anayelinunua jipya, likiwa na dhamana, anapata kile alicholipia. Anayelichukua likiwa na miaka kumi anarithi madeni ya watu wawili waliotangulia.

Katika picha zako, lile jeusi lenye injini ya V8 na springi za upepo, liache kabisa, nakuomba. Hata kama muuzaji ataongeza punguzo. Lile la kijivu, dogo, la petroli yenye silinda nne na springi za chuma za kawaida, hilo tunaweza kulizungumza. Usiridhike na mihuri kwenye kitabu cha sevisi; omba risiti zinazoonyesha oili imebadilishwa kila kilomita 10,000 au 15,000. Muulize gia boksi imewahi kubadilishwa oili lini. Akikujibu kwamba ya gia boksi haibadilishwi maisha yote ya gari, basi ujue anahesabu maisha ya miaka yake mitatu. Na sehemu nzuri ya kiinua mgongo ibaki benki kwa ajili ya gari hilo hilo. Kama haiwezi kubaki, nitakutafutia jingine lisilo na jina kubwa.

Nitumie namba ya chesisi ya lile la kijivu, zile tarakimu na herufi 17, picha iwe safi. Nitaangalia kama limewahi kuitwa gereji na kampuni na kama kazi ilifanyika, maana BMW peke yake Septemba 2024 ilitangaza magari milioni 1.5 yaliyohusika na tatizo la breki. Nitazungumza pia na mkuu wangu wa gereji, mzee anayezijua injini hizo kwa sauti tu. Usitume hata arubuni mpaka nikujibu.

Nisalimie wote, na Bibi umwambie nitampigia Jumapili.

Mpwa wako