Shukrani kwa dada wa meza ya nyuma

Dada uliyekaa meza ya nyuma kwenye mafunzo ya takwimu pale Mwanza, jina lako sikulipata, ila asante sana. Sisi watafiti wachanga tulishangaa kuona kwamba kwenye data za utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, wanawake waliojibu maswali ya ukatili wa mume au mwenza ni wachache kuliko wote waliohojiwa. Ukatueleza kwa upole: kwa usalama wao, katika kaya huchaguliwa mwanamke mmoja tu, na faragha ikikosekana sehemu hiyo haiulizwi. Ndiyo maana sehemu hiyo ina uzito wake wa sampuli (namba ya kurekebisha hesabu ili waliojibu wawakilishe wanawake wote), tofauti na ule wa kawaida.

Chai ikapoa ukituonyesha mstari kwa mstari kwenye R, programu ya kompyuta ya takwimu. Halafu ukatukataza kuchapisha jedwali la kijiji chenye wahojiwa wachache, maana mume anaweza kumtambua mkewe humo. Hilo ndilo nililolishika zaidi.

Mungu akuzidishie. Ukisoma hapa, jitambulishe. Tuna maswali mengine mengi, na chai safari hii juu yetu.