Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Ndugu wanachama,

Ziara ya Muhoroni, semina za vichocheo na siku ya wanafunzi mnazijua, waliohudhuria walihudhuria. Niende moja kwa moja kwenye kinu, yaani chombo chetu cha kugeuza ethanoli (pombe) kuwa gesi ya ethilini, maana najua ndicho kilichowaleta leo.

Imesemwa kwenye WhatsApp kwamba mwenyekiti alitumia shilingi 148,000 kununua "mabomba ya choo". Kamati iliidhinisha na kumbukumbu ziko kwa katibu. Wengine walitaka bomba moja pana, ambalo fundi wa Kibuye angelichomelea kwa nusu ya bei. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Kugeuza ethanoli kuwa ethilini juu ya punje za alumina, kichocheo chetu, ni mmenyuko unaomeza joto, takriban kilojuli 45 kwa kila moli, na kwetu joto hilo linaingia kupitia ukuta wa bomba tu. Bomba likiwa pana, punje za pembeni zinafika nyuzi 400 huku za katikati zimepoa. Na chini ya nyuzi 300 hivi, unachovuna kwa wingi ni etha, kimiminika kingine kabisa, si ethilini tunayoitaka. Ndiyo maana tuna mabomba saba membamba ndani ya tanuri moja.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tusichanganye ethanoli na mvuke moto ubebe joto, kama viwanda vikubwa vinavyofanya. Swali zuri. Boila atatununulia nani? Na aliyetaka alumina isagwe iwe unga ajue kwamba gesi isingepenya, pampu ingelia tu.

Siku ya majaribio tulipitisha gesi kwenye maji ya bromini, na rangi ya kahawia ikafifia hadi ikaisha, dalili kwamba ethilini imo. Tulioshuhudia tulikuwa tisa. Wakosoaji hawakuwepo. Pikapu iliyobeba kinu, kwa taarifa yenu, niliilipia mimi na sijadai.

Wanachama ni 61, waliolipa ada ni 22. Kwa shilingi 2,000 kila mmoja, 78,000 zimelala mifukoni mwenu. Mikutano mitatu iliahirishwa kwa kukosa akidi, na wala haikuwa siku za mvua. Wenye sauti kubwa kuhusu kinu, wengi wao hawamo kati ya hao 22. Sitataja majina.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaongeza vipimajoto katikati ya mabomba, na pengine tutapata mfadhili.

Mweka hazina amekaa mlangoni. M-Pesa anapokea.

Mwenyekiti