Wanafunzi wasifundishwe kufuta vipimo vyao maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kama mwalimu wa fizikia, nalo ni namna tunavyowazoesha vijana wetu wa sekondari kuyaogopa matokeo ya majaribio yao wenyewe.

Karibu kila aliyesoma fizikia analikumbuka jaribio la pendulumu: gololi ya chuma inaning'inizwa kwa uzi, inaachwa iyumbe, na mwanafunzi anapima muda wa mayumbo 20 ili akokotoe mchapuko unaotokana na uvutano wa dunia, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde. Vitabu vinasema jibu ni 9.81 (mita kwa sekunde ya mraba). Mwanafunzi akipata 9.6, mara nyingi kinachofuata ni kifutio: anarudi kwenye jedwali lake, anapunguza sehemu za sekunde huku na kule, mpaka jibu linalotakiwa lipatikane. Nimeona madaftari ya darasa zima ambamo kila kundi limepata 9.81 kamili, kwa rula ya mbao na saa ya kubonyeza kwa kidole, na yote yakapewa vema. Huko ni kuchakachua vipimo, na inauma zaidi kwamba anayefanya hivyo anaamini ndivyo mwalimu anavyotaka.

Tutazame kinachopotea. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 50, mayumbo 20 huchukua takriban sekunde 28.4. Tuseme kidole kinakosea kwa sehemu mbili za kumi za sekunde katika kuanzisha na kusimamisha saa. Kosa hilo halifiki asilimia 1 ya muda wote, lakini kwa kuwa katika kanuni muda unazidishwa kwa wenyewe, athari yake kwenye jibu ni maradufu, yaani kama 0.14. Kosa la namna hii huangukia huku na huku, na ukirudia kipimo mara kadhaa na kuchukua wastani, linapungua. Lipo kosa la namna nyingine ambalo kurudia hakulisaidii hata kidogo. Mwanafunzi aliyepima uzi mpaka juu ya gololi badala ya katikati yake, akaiacha sentimita moja, atapata takriban 9.6 leo, kesho na hata akirudia mara mia. Ile 9.6 aliyoifuta ndiyo iliyokuwa shahidi pekee wa kosa lake, na kama ingebaki daftarini, mwalimu makini angeanza kuuliza maswali kwa kuitazama tu.

Hata hiyo 9.81 tunayoiabudu haitoki kwetu. Mchapuko huo hubadilika kutegemea mahali, kwa sababu dunia inazunguka na imetuna kidogo katikati: kwenye ncha zake unakaribia 9.83, na usawa wa bahari katika ikweta ni 9.78. Thamani ya 9.81 ni ya mahali kama London. Hapa pwani yetu ni takriban 9.78. Kwa uzi na saa ya mkononi mwanafunzi hawezi kuzitofautisha namba hizi mbili, na kujua kwamba hawezi, tena kueleza kwa nini hawezi, ndilo somo lenyewe. Jibu la kweli la jaribio lile ni 9.8, likiambatana na maneno "kuongeza au kupunguza 0.1".

Nchi hii ina mfano wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto umeganda kabla ya ule uliopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa, akachekwa, lakini hakubadilisha alichokiona, na mwaka 1969 yeye na Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha taarifa ya majaribio yao. Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa na hawakuiona athari hiyo; walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunatosha kuleta tofauti inayofanana nayo. Lipo pia suala la maana ya kuganda, kwa kuwa maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuwa barafu. Sioni kwamba haya yanampunguzia Mpemba heshima yake. Swali lake limeishi zaidi ya nusu karne kwa sababu hakukubali kulifuta.

Ninachowaomba walimu wenzangu, pamoja na wanaotunga na kusahihisha mitihani ya vitendo, ni hiki: vipimo viandikwe kwa kalamu ya wino, na kinachokataliwa kikatwe kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka. Alama zitengwe kwa ajili ya kukadiria ukubwa wa kosa na kutaja chanzo chake, na mwanafunzi aliyepata 9.6 akaeleza kwa nini apate alama nyingi kuliko aliyeandika 9.81 bila maelezo. Hakuna kifaa kipya cha kununua, kwa hiyo shule isiyo na maabara kamili inaweza kuanza muhula ujao sawa na yenye maabara.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Fizikia,
Tanga