Mlango wa leba ndio unaowarudisha wanawake nyumbani

Kwa Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mwanamke anayezalia nyumbani hapa Nairobi, mji uliojaa hospitali, ni mjinga na anafaa kutozwa faini. Mjukuu wangu alinisomea barua hiyo nikiwa jikoni, nikamwomba airudie. Nimekaa nayo wiki mbili. Leo yeye anaandika nami nasema, kwa sababu macho yangu hayashiki tena herufi ndogo. Lakini maneno ni yangu.

Naishi Makina, Kibra. Watoto wa mtaa huniita Haboba, yaani nyanya, bibi, kwa Kinubi, lugha yetu Wanubi. Mama yangu alikuwa mkunga, nami nilianza kumshikia taa ya kandili nikiwa na miaka 14. Watoto niliowapokea sikuwahi kuwahesabu. Wapo wanaoendesha matatu, yuko mwalimu wa madrasa, na wawili wamekuwa wauguzi. Tangu 2011 nimeacha kuzalisha, na sababu nitaieleza. Siku hizi mwanamke akija kwangu na uchungu, namchukua mkono nampeleka hospitali. Kwa hiyo sina biashara ya kutetea.

Wanawake wanaotaka kuzalia nyumbani si wajinga. Wanahudhuria kliniki. Kile kijitabu cha mama na mtoto wanacho, wamepimwa damu na presha, wamedungwa sindano ya pepopunda. Hospitali wanaijua, na hapo ndipo penye shida: wanaijua.

Binti wa jirani yangu alipata mimba ya kwanza 2018. Alipofika hospitalini saa mbili usiku, mama yake aliambiwa abaki langoni. Ndani walilazwa wawili kitanda kimoja. Alipolia, sista akamwambia, "Ulipokuwa ukiitafuta hukulia." Alipohisi mtoto anashuka aliita, akaita tena, hakuna aliyegeuka. Mtoto alitokea juu ya godoro la mpira, na mama akamdaka kwa mikono yake mwenyewe. Nilikwenda kumkanda siku ya tatu, akanieleza yote akiwa ameangalia ukuta. Matusi hayakumuuma sana. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba kwa saa tisa hapakuwa na mtu hata mmoja ndani ya chumba kile aliyelijua jina lake.

Simlaumu kila sista. Nimekesha kwenye benchi nje ya wodi nikimtazama muuguzi mmoja akikimbia kutoka kitanda hiki hadi kile, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho, na mpaka alfajiri sikumwona akinywa hata maji. Lakini mambo kama yale si hadithi za mitaani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 kwa sababu alijifungulia sakafuni hospitalini, kisha wauguzi wakampiga makofi na kumtukana. Kama mahakama iliamini, mwandishi wa barua ile naye aamini.

Mwanzoni mwa 2020 binti yule alikuwa na mimba ya pili. Akaja kwangu ikiwa na miezi saba, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Haboba, huyu nitamzalia kwako. Sirudi kule."

Nilimkatalia. Akalia, nikalia naye, na bado nikamkatalia.

Sababu yangu ni hii. Mwaka 2011 nilimpokea mtoto wa mwanamke wa miaka 26, uzao wake wa nne. Mtoto alikuja vizuri, akalia hapo hapo. Kondo nalo likatoka zima, nililikagua kwenye beseni kama nilivyofundishwa. Kisha damu ikaanza kutoka. Nilimsugua tumbo, nikamweka mtoto kwenye titi, nikafanya kila nililorithi kwa mama yangu. Damu ile haikuruka wala haikutisha kwa kuitazama. Ilikuwa ikitiririka tu, pole pole, bila kukoma. Mimi nilikuwa nikipima kwa leso, yaani khanga. Zikilowa mbili nashtuka. Usiku ule zililowa tano. Wanaume walimbeba kwa mkokoteni hadi barabarani, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshaondoka. Nguo zake nilizifua mimi mwenyewe. Mtoto yule yuko hai, sasa ni kijana mrefu, na kila akipita kwangu hunisalimia kwa heshima. Kila akinisalimia moyo wangu hukunjika.

Basi nilimwambia binti: nitakwenda nawe, sitakuacha, lakini kwangu huzai.

Uchungu ulimwanza mwezi wa Aprili, kafyu ikiwa ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Ilikuwa saa nne usiku. Wa boda boda waliogopa polisi. Jirani mmoja mwenye Probox alikubali, na kwenye kizuizi askari walimulika tochi ndani, wakaona tumbo, wakatuacha tupite. Hatukwenda ile hospitali kubwa. Tulikwenda zahanati moja ndogo, na tukamkuta sista mmoja tu wa zamu. Kwa ajili ya korona jamaa hawakuruhusiwa kabisa kuingia. Lakini sista alikuwa peke yake, na binti alikuwa amening'ang'ania shingoni, haniachii. Sista akatutazama kidogo, akasema, "Mama, nawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Ingia."

Akanipa barakoa na aproni. Kila mmoja wetu akafanya analolijua. Mimi nilimkanda kiuno, nikamtembeza, nikamnywesha chai ya rangi, nikamsomea dua masikioni, nikamwita kwa jina la utotoni. Sista alipima njia, akasikiliza moyo wa mtoto, akaandika kwenye karatasi yake. Binti alipotaka kupiga magoti, sista alimwacha apige magoti. Mtoto wa kiume, saa tisa na nusu usiku.

Kisha nikaiona damu ile. Niliijua. Ilikuwa inakuja kwa mwendo ule ule. Miguu yangu ilikufa ganzi. Sista alikuwa ameshamdunga sindano moja pajani mara tu mtoto alipotoka. Sasa alianza kumsugua tumbo kwa nguvu, akaweka dripu, akatia dawa tena. Sikuwa nimemaliza Ayatul Kursi. Nilipoinua macho, damu ilikuwa imepungua, na tumbo chini ya mkono wake limekuwa gumu kama embe bichi.

Dawa ile inaitwa oksitosini. Kichupa chake si kirefu kuliko kidole changu cha mwisho, na huwekwa ndani ya friji. Mjukuu wangu, ambaye ndiye mmoja wa wale wauguzi wawili, alinieleza kwamba kondo likishatoka, mji wa mimba lazima ujikaze wenyewe ili ubane mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto. Usipojikaza, mishipa hubaki wazi, na mama anaweza kumalizika kabla hujapata gari. Ameniambia pia kwamba siku hizi kuna plastiki yenye alama za vipimo inayowekwa chini ya mzazi ili damu ionekane imefika wapi, kwa sababu ikipita nusu lita tayari ni hatari. Katika utafiti uliotolewa 2023, uliofanywa Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, kutumia plastiki hiyo pamoja na kutoa matibabu yote kwa mpigo kulipunguza visa vibaya vya kuvuja damu kwa asilimia 60. Nilipolisikia hilo nilikumbuka leso zangu tano.

Kwa hiyo msomaji asidhani natetea kuzalia nyumbani. Wala sikubaliani na wale wanaosema hata Ulaya wanawake wa kisasa huzalia vyumbani mwao. Ni kweli huzalia, Uholanzi na Uingereza. Lakini ulizeni mkunga wa huko anaingia mlangoni na nini. Ni mkunga wa kusomea, dawa ya damu iko mkobani, na ambulensi ikiitwa inafika. Na pamoja na hayo, katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2011, karibu 45 kati ya kila wanawake 100 wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani walilazimika kuhamishiwa hospitali. Kwa waliokwisha kuzaa kabla, walikuwa kama 12. Sasa njooni Makina usiku wa mvua. Kutoka kwangu hadi penye gari ni vichochoro viwili na mtaro wenye ubao mmoja. Huyo wa kuhamishwa atahamishwa na nani?

Ninachosema ni kwamba faini haitamtoa mwanamke nyumbani. Kilichowatoa nimekiona. Serikali ilipofuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma mwezi wa Juni 2013, wanawake waliokuwa bado wakija kuniomba niwazalishe walipungua mwaka ule ule, wala hakuna aliyewafokea. Takwimu za nchi nzima zinasema hivyo pia: katika utafiti wa serikali wa 2014, watoto 61 kati ya 100 walizaliwa katika vituo vya afya, katika ule wa 2022 walikuwa 82. Palipokuwa na kizuizi cha pesa, kilipoondolewa watu walikwenda. (Pesa haijaisha kabisa. Utatumwa glavu, pamba, na tangu bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024 kuna wanaofika hapo wakiwa hawajajisajili. Lakini hilo wengine wameliandika vizuri kuliko mimi.)

Kwa wengi waliobaki, ninaowajua mimi hapa Kibra, kizuizi ni upweke. Nyumbani mwanamke ana mama yake, ana shangazi, ana mtu wa kumfuta jasho na kumwambia bado kidogo. Hospitalini anavuliwa watu wake mlangoni kama anavyovuliwa viatu. Na ajabu ni kwamba serikali yenyewe imetuambia sisi wakunga wa jadi tusizalishe, tuwe wa kuwasindikiza akina mama. Nimekubali. Nawasindikiza. Halafu nikifika kwenye mlango wa leba, chumba cha kujifungulia, unafungwa mbele ya uso wangu. Nimsindikize mpaka benchi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu na kujifungua, na aachwe achague mkao wake. Mjukuu wangu anasema hata wauguzi wanafundishwa hivyo chuoni. Basi kwa nini mlango bado umefungwa?

Nimeshaambiwa sababu. Wanasema nafasi ni ndogo. Mimi nahitaji kiti kimoja cha plastiki, na nikikosa nitasimama. Wanasema kuna wanawake wengine wamelala wazi. Wekeni pazia kati ya vitanda. Wale wanawake wanahitaji pazia hata nisipokuwapo. Wanasema tutaleta uchafu. Tufundisheni kunawa, tupeni aproni, kama alivyofanya sista wa zahanati, ambaye aliniamini katika mwezi ambao watu waliogopana hata msikitini. Wanasema wakunga wengine wa jadi wataingiza mitishamba kwa siri. Hilo ni kweli, wapo, na wakaguliwe. Mimi mwenyewe nimewahi kumnyang'anya mwenzangu kikombe.

Tena mwenye kusindikiza anapunguza kazi. Sista mmoja mwenye vitanda sita hawezi kujua mzazi wa kitanda cha nne amebadilika rangi. Mimi niliyemshika mkono nitajua, na nitaita.

Kuna jambo jingine dogo ambalo kwetu Wanubi si dogo. Mtoto akizaliwa hospitalini anatoka na karatasi ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani utamtafuta naibu wa chifu, ulete mashahidi, urudi kesho. Sisi ambao kwa miaka mingi tulihojiwa mbele ya kamati ndipo tupewe kitambulisho, ingawa babu zetu wako Kibra tangu enzi za Mwingereza, tunajua karatasi moja inaweza kumfungia mtoto maisha. Nawaambia wasichana hilo kila mara. Wananisikiliza, kisha wananiuliza lile lile: "Na utaingia nami?"

Binti wa jirani ana mimba ya tatu sasa, miezi minane. Zahanati ile imemwambia safari hii aende hospitali kubwa, kwa sababu alivuja damu mara ya mwisho, nami nakubaliana nao kabisa. Mfuko wake uko chini ya kitanda changu: leso tatu, beseni, pedi, nguo za mtoto, kitabu cha kliniki, nakala ya kitambulisho. Jana alikuja kuongeza soksi. Aliniuliza swali lake tena, nikamwambia nitaandika gazetini. Namwomba anayehusika na wodi za uzazi katika Kaunti ya Nairobi anipe jibu la kumpelekea. Muda wetu ni wiki nne, pengine tatu.

Haboba wa Makina,
Kibra, Nairobi