Fonti yenye serifu: tunachoangalia kabla ya kuchapa kazi yako

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu, Nasser Road hapa Kampala, huwa tayari na muundo wao kwenye simu, na ombi lao ni lile lile: wanataka herufi za heshima, zile za vitabu vya zamani zenye vikucha kwenye ncha. Vikucha hivyo ndivyo serifu. Vina umri mkubwa. Vimo hata kwenye maandishi yaliyochongwa katika Nguzo ya Trajan, kaisari wa Kirumi, mjini Roma mwaka 113. Ombi ni zuri na hatulikatai. Shida ni kwamba fonti za serifu hazifanani tabia, na iliyong'aa kwenye kioo cha simu inaweza kufa kwenye karatasi.

Ile inayotuletea ugomvi zaidi ni Bodoni. Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma nchini Italia katika karne ya 18, alichora herufi zenye mistari minene ikipakana na mingine myembamba kama unywele. Jina la bibi harusi likiwekwa kwa herufi kubwa, nyeusi, juu ya kadi laini nyeupe, hakuna inayoishinda. Lakini mteja anataka na ratiba ya sherehe iwe hivyo hivyo, herufi ndogo nyeupe juu ya maruni. Maruni ile huundwa na rangi kadhaa za wino zinazopigwa moja juu ya nyingine. Karatasi ikisogea kidogo tu mashineni, mstari mwembamba unazibwa, "e" inasomeka "c", na lawama zinatuangukia sisi.

John Baskerville wa Birmingham alilijua jambo hili mapema. Alipochapa kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Mrumi Virgil, mwaka 1757, hakuishia kwenye kuchora herufi. Alishughulikia pia wino mweusi zaidi na karatasi nyororo zaidi, kwa sababu herufi zake zilivihitaji. Fonti yenye jina lake tunaipendekeza kwa vitabu vya hadithi na kumbukumbu za familia, mradi karatasi iwe nzuri. Garamond nayo inafaa, ila huonekana ndogo kuliko kipimo chake. Ipe pointi 12 pale ambapo nyingine zingepata 11.

Kwa vipeperushi vya riso (mashine ya kurudufu nakala nyingi), mitihani ya shule na karatasi ya magazeti, sisi hurudi kwa Times New Roman. Najua, watu wameichoka, maana programu ya Word iliiweka mbele kwa miaka mingi hadi Calibri ilipochukua nafasi yake mwaka 2007. Lakini kumbuka ilizaliwa kwa kazi gani. Gazeti la The Times la London liliiagiza mwaka 1931. Stanley Morison akaisimamia, Victor Lardent akaichora, na mnamo Oktoba 3, 1932 gazeti likatoka nayo. Ni nyembamba kwa upana, na herufi zake ndogo zina kimo kizuri, hivyo husomeka hata zikibanwa. Lugha zetu zina maneno marefu. Weka "hawakutukaribisha" katika safu finyu iliyonyooshwa pande zote mbili, uone mianya itakayobaki mstarini. Fonti nyembamba huipunguza.

Sasa jambo ambalo karibu hakuna mteja anayeliuliza: herufi ŋ, yenye sauti ya "ng'" ya Kiswahili. Kiganda kinaihitaji, Kiacholi vilevile. Fonti nyingi za bure kutoka intaneti hazina. Kompyuta ikiikosa huazima ŋ ya fonti nyingine, au huacha kisanduku kitupu katikati ya neno, kwa mfano kwenye "eŋŋoma" iliyoandikwa juu ya kadi ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba. Na hata fonti inayoitoa ile kubwa, Ŋ, huenda ikaichora kama N yenye mkia, umbo wanaolitumia Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, ilhali huku kwetu tumezoea n ndogo iliyokuzwa. Kwa kazi za namna hii tunatumia Gentium ya shirika la lugha la SIL, serifu ya bure iliyochorwa kwa kuzingatia lugha nyingi. Kwa Kiswahili tazama alama ya "ng'": kwenye fonti hizi iwe imepinda kama mkato. Kile kijiti kilichosimama wima ni cha taipureta.

Ukija, tuletee PDF yenye fonti ndani yake. Picha ya skrini iliyopita WhatsApp haitoshi. Kazi ikiwa na Kiganda au Kiacholi, tuambie kabla hatujapanga maandishi. Tutakuchapia nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile uliyochagua. Isome nje, kwenye mwanga wa jua, uanze na majina ya watu, kisha uweke sahihi ndipo tuwashe mashine.