Nilikopa mimi, si mama yangu

Mhariri,

Deni ni langu, silikani. Mwaka 2021 nilikopa laki mbili kwa programu ya simu. Biashara yangu ya Darajani ikayumba, nikashindwa kulipa. Leo wakusanya madeni wanampigia mama yangu, mtu mzima wa Makunduchi, wanamwambia mwanawe mwizi. Bi mkubwa wa watu sasa simu ikilia anaifunika mto.

Nimewaomba hesabu kwa maandishi, nione asili ngapi, riba ngapi, faini ngapi. Nitalipa elfu ishirini kila mwezi, kwa risiti. Jawabu? Wananikatia simu!

Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Hawa wangu nao nimewauliza leseni yao. Kimya.

Mdaiwa,
Kikwajuni, Unguja