Askari magereza wakikosana, nani anawasikiliza?

Ndugu Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wako wote.

Juzi asubuhi nilikuwa nasikiliza redio, wanaongelea migogoro kazini, akapiga simu mama mmoja akasema yeye ni mke wa askari magereza, mume wake na mwenzake wa zamu hawajaongea miezi minne sasa, chakula hakipandi, vidonda vya tumbo vimemrudia. Mtangazaji kwa upole kabisa akamjibu, mwambie baba aende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nikazima redio. Manake askari magereza haendi CMA, hana hiyo njia kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ile Namba 6 ya mwaka 2004, mwanzoni tu kifungu cha 2 inasema haiwahusu JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Kwa hiyo ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambayo mhudumu wa hoteli au dereva wa basi akionewa anaikimbilia, kwa askari huyu mlango umefungwa, na chama cha wafanyakazi cha kumsemea hana vilevile. Akikosana na mtu kazini anabaki na mkuu wake tu, na mara nyingine mkuu ndo huyohuyo aliyekosana naye.

Mimi nilivaa magwanda ya Magereza miaka 26. Miaka 9 ya mwisho nilikuwa upande wa ustawi wa watumishi, kwenye makaratasi kazi yangu ilikuwa misiba, mikopo, wagonjwa, ila ukweli ni kwamba kutwa nzima nilikuwa nasuluhisha watu. Sitataja kituo wala mtu, wengi bado wako kazini na walinieleza mambo yao wakiniamini.

Watu wakisikia ugomvi gerezani wanafikiria mfungwa na askari. Mimi niliyokutana nayo zaidi ni askari kwa askari, na chanzo kikubwa ni rosta. Nani yuko geti, nani yuko mnarani usiku, nani anatoka na gengi la wafungwa kwenda shamba, nani kila Idi na kila Krismasi anakutwa zamu. Gengi la shamba linaogopwa sana kwa sababu mfungwa akitoroka mkononi mwako unayejibu ni wewe, kwa hiyo askari akipangiwa gengi wiki tatu mfululizo haoni tena kazi hapo, anaona kuna mtu anatafuta afukuzwe.

Halafu kuna kotazi. Mfanyakazi wa benki akigombana na mwenzake, jioni huyu anaenda zake Mbagala yule Tegeta, wanapumua. Askari magereza zamu ikiisha wanarudi nyumba zinazopakana, bomba moja la maji, watoto wanacheza pamoja, wake zao wako kikoba kimoja, yaani ugomvi unatoka geti unaingia jikoni na asubuhi unarudi tena geti umenenepa. Niliwahi kukaa na askari wawili ambao mwaka mzima na zaidi walikuwa wanaandikiana ripoti za utovu wa nidhamu, nikafukua weee, nikakuta mzizi ni marejesho ya kikoba ya shilingi 40,000.

Sasa kuna mtu atasema hayo si mambo yao tu, watu wazima hao watajuana. Ngoja nieleze usiku mmoja ambao mpaka leo siusahau.

Koplo mmoja alikuwa anamaliza zamu, anayempokea ni sajenti wa kike. Walikuwa hawasemeshani miezi mitano. Wakahesabu wafungwa, namba ikatimia, daftari likasainiwa, koplo akaenda zake kulala. Kitu ambacho hakikusemwa ni kwamba mahabusu mmoja mwenye pumu dawa yake ilikuwa imeisha jioni ile na alitakiwa aangaliwe usiku kucha. Saa tisa usiku bweni zima wanagonga mlango wanapiga kelele, askari wa zamu wanafikiri ni fujo, wakachelewa kufungua. Walimkimbiza hospitali na namshukuru Mungu alipona, ila alipona kwa dakika.

Kabla ya mashtaka ya nidhamu mkuu wa kituo akaniomba nikae nao kwanza, na nilimheshimu kwa hilo. Nilikaa na kila mmoja peke yake siku mbili, siku ya tatu nikawakutanisha. Utaratibu wangu ulikuwa huohuo siku zote: hakuna meza katikati, kofia na mikanda tunaacha nje, na humo ndani hakuna afande, mnaitana baba fulani na mama fulani kwa majina ya watoto wenu kama mnavyoitana kotazi. Mtu ukimwita kwa jina la mtoto wake kufoka kunapungua sana, sijui kwa nini, ila nimeliona mara nyingi.

Koplo akaeleza. Mama mkwe wake alifariki, akaomba kubadilishana zamu akazike, sajenti akamjibu neno moja, hapana. Basi. Sajenti naye akaeleza kwamba wiki hiyo ilikuwa imetoka amri ya kuzuia kubadilishana zamu, hakuwa na uwezo wa kuruhusu hata angetaka, na hakuona haja ya kumweleza mtu aliye chini yake. Koplo akamwangalia akamwambia, "Ungeniambia amri imetoka juu ningeelewa, lakini ulinijibu kama unamjibu mfungwa." Tulikaa kimya kama dakika nzima. Halafu yule mama akamuuliza, mlimzika wapi? Ndo hapo nikaelewa kwamba miezi mitano yote mtu huyu alikuwa hajapewa pole na jirani yake wa nyumba ya tatu.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo, tusidanganyane. Walikubaliana kitu kimoja tu, kwamba kabla ya kusaini daftari la makabidhiano kila mmoja atamsomea mwenzake kwa sauti yaliyotokea kwenye zamu yake, wagonjwa wa kwanza. Mashtaka yaliendelea na kila mmoja alipata adhabu yake. Ila makabidhiano ya kusomeana yaliendelea pale mpaka nastaafu, na walianza na wengine ambao hata ugomvi hawakuwa nao.

Nina la kukiri pia. Kazi hii nilijifunzia kazini, hakuna aliyenifundisha, na kuna mtu aliumia kwa ajili hiyo. Askari wa kike kijana, ndo kwanza katoka depo, alikuja kunilalamikia kuhusu mkubwa mmoja anayempangia lindo la usiku kila akikataa kwenda kwake. Mimi nikalichukua kama ugomvi wa rosta, nikawaita wote wawili, nikawakalisha chini waelewane. Nilimkalisha yule binti mbele ya mtu anayemtesa nikamwambia aongee kwa uhuru! Akanyamaza, akasema yameisha, baada ya muda akaacha kazi. Ile haikuwa ya kusuluhisha hata kidogo, ni kosa la jinai, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kifungu cha 25 inaitaja, na mimi nilitakiwa nimshike mkono nimpeleke anapotakiwa kwenda. Nimemwomba msamaha baadaye kwa simu, akanisamehe, lakini naandika hapa kwa sababu najua huko vituoni wapo wanaoendelea kukosea vilevile kwa nia njema kabisa.

Na cheo nacho ni tatizo. Mshauri akiwa ni askari aliye chini ya mkuu wa gereza, mkuu akimwambia leta nilijue walichosema, hiyo ni amri. Ilinitokea mara moja, nikasema, na miezi mitatu iliyofuata hakuna mtu aligonga mlango wangu, hata wa mkopo hakuja. Siwalaumu.

Kwa hiyo ninachoomba, kupitia gazeti lako, wenye mamlaka kule Wizara ya Mambo ya Ndani na Makao Makuu ya Magereza waliangalie hili. Jeshi hili lilitengwa na Polisi mwaka 1931, siku zote hizo limejua kuhesabu watu, kulinda kuta, kulima, kufundisha ufundi, haliwezi kushindwa kuweka mshauri mmoja wa migogoro kila mkoa, mwenye mafunzo ya kweli, anayeripoti kwa mtu mwingine na si kwa mkuu wa kituo, na iandikwe rasmi kwamba yanayosemwa kwake hayaingii kwenye faili la mtumishi, isipokuwa ya jinai na ya hatari kwa maisha ya mtu. Zile kanuni za Nelson Mandela ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha 2015 watu wanazijua kwa upande wa wafungwa, ila zinamtaja na askari pia, mshahara unaotosha, mafunzo kabla na wakati wa kazi. Na chumba jamani. Mimi nilipewa chumba kinachopakana na ofisi ya mkuu, ukuta wa mbao, mtu anaanza kulia huku anaziba mdomo.

Yule mama wa redioni kama gazeti hili limekufikia: kwanza hayo matumbo mpeleke hospitali, usisubiri. Halafu mwambie baba amtafute mwenzake nje ya geti, siku wote wawili hawana zamu, amuulize tu ilianzia wapi, ya nani mkosaji ayaache kwanza. Na wewe kama yule mwenzake ana mke hapo kotazi, nenda kamsalimie, wala usitaje ugomvi.

Mama mstaafu wa Magereza,
Morogoro
(jina limehifadhiwa)